Kulifufua Gari la Zamani: Mambo ya Kupimwa Kabla ya Fedha za Wanachama Kutolewa

Katika miji mingi ya Tanzania bado huonekana magari ya Volkswagen ya zamani, yale yenye umbo kama mgongo wa kobe, yameachwa chini ya miti au nyuma ya nyumba, magurudumu yamezama ardhini na kuku wanataga ndani yake. Kwa mpita njia hicho ni chuma chakavu. Kwa fundi ni gari linalongoja kufufuliwa. Kwa kamati ya mikopo ya chama cha ushirika ni jambo la tatu: ni ombi la fedha, na fedha hizo ni akiba za wanachama.

Maombi ya namna hii hayafanani na mkopo wa mbolea au wa mbegu za alizeti, ambao kila mjumbe wa kamati anaufahamu tangu utotoni. Mjumbe aweza kulijua shamba la mahindi kwa kulitazama tu, lakini asijue kwa nini injini isiyotumia maji haiungui, wala kwa nini kuiondoa na kutia mota ya umeme kwaweza kugharimu kuliko gari lenyewe. Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa ajili ya makatibu na wanachama, ili atakayepiga kura ya kukubali au kukataa ajue anachokikubali na anachokikataa. Kwa ufupi, gari la aina hii haliui uzee. Huuawa na joto na kutu. Na mkopo wake hauui ubovu wa fundi peke yake; huuawa na hesabu isiyofanywa na daftari lisiloandikwa.

INJINI ISIYOTUMIA MAJI

Kila injini ya petroli huzalisha joto jingi kuliko nguvu inayofika kwenye magurudumu. Katika magari mengi joto hilo huchukuliwa na maji yanayozunguka ndani ya injini na kupozwa katika rejeta. Volkswagen ya zamani haina rejeta wala maji. Injini yake ipo nyuma, ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na kila silinda imezungukwa na mapezi membamba ya chuma. Juu yake kuna feni kubwa iliyofungwa kwenye mhimili wa dinamo. Feni hiyo huvuta hewa ya nje na kuisukuma kwa nguvu ipite katikati ya mapezi, kisha hewa iliyopata moto hutokea chini ya gari.

Hewa haiendi popote ipendapo. Huongozwa na mabati yaliyoizunguka injini, na kwa mipira inayoziba nafasi kati ya injini na bodi. Mabati hayo yakiondolewa, au mipira ikiliwa na panya, hewa ya moto iliyokwisha kutumika hupanda juu na kuvutwa tena na feni. Hapo injini hujipoza kwa moto wake yenyewe. Mafundi wasioizoea injini hii mara nyingi huyatupa mabati kwa kudhani ni mapambo, na gari hilo halifiki mbali.

Oili nayo ni sehemu ya kupoza. Injini huchukua lita mbili na nusu tu, na oili hupitishwa katika kipozeo kidogo kilichosimama ndani ya njia ya hewa. Haina kichujio cha karatasi kama cha magari ya leo. Ina wavu wa waya chini ya sampu, ambao huzuia vipande vikubwa lakini haukamati vumbi laini. Kwa sababu hiyo oili yapaswa kubadilishwa mapema, kila kilomita 5,000 au kabla ya hapo katika barabara za vumbi. Mwenye gari asiyetaka kununua oili anajiandaa kununua injini.

SIFA YAKE KATIKA BARABARA ZETU

Gari hili lilibuniwa nchini Ujerumani katika miaka ya 1930 chini ya mhandisi Ferdinand Porsche, na baada ya Vita Kuu ya Pili likatengenezwa kwa wingi mjini Wolfsburg. Tarehe 17 Februari 1972 lilivunja rekodi ya Ford Model T kwa kufikia magari 15,007,034. La mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003, na jumla yote ikawa 21,529,464.

Afrika Mashariki ililijua mapema. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa mtihani wa matope, vumbi na milima. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen. Mwaka 1957 wakashinda Gus Hofmann na Arthur Burton, na mwaka 1962 Tommy Fjastad na Bernhard Schmider, wote kwa Volkswagen. Gari hilo halikuwa na nguvu nyingi. Lilifaulu kwa sababu uzito wa injini ulikuwa juu ya magurudumu yanayosukuma, tumbo lake lilikuwa bapa, na halikuwa na rejeta ya kutoboka wala maji ya kuchemka mlimani.

Sifa hizo ndizo zinazofanya watu walitamani mpaka leo. Lakini ushindi wa mwaka 1962 si dhamana ya mkopo. Gari lililoshinda lilikuwa jipya na lilitunzwa kila siku. Linaloombewa mkopo huenda limelala miaka 20. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni ukaguzi.

KUKAGUA KABLA YA KUNUNUA

Ukaguzi uanze chini, wala usianze kwenye rangi. Volkswagen imejengwa juu ya sakafu ya bati yenye mhimili mmoja katikati, na pembeni, chini ya milango, kuna mihimili miwili yenye uwazi ndani, iliyokusudiwa kupitisha hewa ya joto. Mihimili hiyo ndiyo inayoipa bodi nguvu. Ikiliwa na kutu, milango hukataa kufunga na bodi hupinda. Fundi aichokoe kwa bisibisi. Bisibisi ikipenya, gharama ya kuchomelea huenda ikazidi bei ya gari.

Sehemu ya pili ni chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, mahali pa betri. Asidi iliyomwagika kwa miaka mingi hula sakafu hapo mpaka betri hukaribia kuanguka barabarani. Sehemu ya tatu ni pale palipofichwa kwa puti. Mkaguzi achukue sumaku ndogo na kuipitisha juu ya bodi: penye bati itashika, penye puti nene itaanguka. Kipimo hicho hakigharimu kitu, na kimewaokoa wanunuzi wengi.

Kwenye injini, fundi ashike puli ya mkanda ya kranki na kuivuta na kuisukuma. Ikicheza kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, beringi za kranki zimekwisha. Apime mgandamizo wa silinda zote nne. Silinda moja ikiwa dhaifu sana kuliko nyingine, ni dalili ya valvu iliyoungua au ringi zilizovunjika. Katika injini za zamani silinda namba 3 ndiyo hupata shida ya kwanza, kwa sababu kipozeo cha oili kimesimama mbele yake na kuinyima sehemu ya hewa baridi.

Jambo la mwisho katika ukaguzi ni namba. Namba ya chasisi imegongwa juu ya mhimili wa katikati, chini ya kiti cha nyuma. Namba ya injini imegongwa kwenye injini yenyewe, chini ya mguu wa dinamo. Namba hizo zilinganishwe na kadi ya gari kabla ya shilingi moja kutoka. Gari lisilo na kadi, au lenye namba zisizolingana, si mali ya kuwekewa dhamana, hata kama linang'aa.

UTARATIBU WA KUFUFUA

Kufufua gari kuna mpangilio wake, na mpangilio huo ndio utakaotumiwa na chama kugawa mkopo. Kwanza hutengenezwa sakafu na mihimili. Pili hufuata breki, usukani na magurudumu. Tatu ni injini na giaboksi. Nne ni nyaya za umeme. Rangi huja mwisho. Mkopaji anayeanza na rangi anaficha kitu, au hajui kazi, na yote mawili ni hatari kwa chama.

Injini yenyewe ni rahisi kuliko nyingi. Imeshikwa kwenye giaboksi kwa boliti nne tu, na fundi mzoefu huishusha kwa chini ya saa moja. Silinda zake si sehemu ya mwili wa injini. Kila moja huchomolewa peke yake, na silinda na pistoni huuzwa kwa seti ya nne. Hapana haja ya kuchonga silinda zilizokwisha kulika. Vipuri bado vinatengenezwa katika nchi za nje, kwa kuwa magari haya ni mamilioni na wapenzi wake ni wengi. Nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, nayo kwa injini nyingi ni milimita 0.15. Valvu iliyobanwa mno haisikiki, huungua kimyakimya. Valvu yenye nafasi kubwa hupiga kelele lakini huishi. Fundi anayejivunia injini isiyo na sauti yoyote afaa kuulizwa alipima nini.

Mambo mawili ya usalama hayana budi kuandikwa katika mkataba wa kazi. La kwanza ni mipira ya petroli. Mpira mkuukuu hupasuka na kudondosha petroli juu ya injini yenye moto, na magari mengi ya aina hii yameteketea kwa sababu hiyo. Mwili wa injini una madini ya magnesiamu, ambayo yakishika moto hayazimwi kwa maji. Maji huyaongezea ukali. Mipira yote ibadilishwe, na gari libebe kizimia moto cha unga. La pili ni mkanda wa feni, ambao mafundi huuita fenibelti. Mkanda huo mmoja huzungusha dinamo na feni pamoja. Taa nyekundu ya dinamo ikiwaka ghafla wakati gari linakwenda, huenda mkanda umekatika, na hapo injini haina hewa. Dereva aliyezoea magari ya maji hudhani ni betri tu na kuendelea na safari. Kwa gari hili yampasa kusimama palepale. Mkanda wa akiba uwemo garini siku zote.

KUONDOA INJINI NA KUTIA MOTA YA UMEME

Siku hizi wapo wanaopendekeza kwamba badala ya kuifufua injini, iondolewe na kutiwa mota ya umeme. Wazo hili si mzaha. Mwaka 2019 Volkswagen yenyewe, ikishirikiana na kampuni ya eClassics, ilionyesha mjini Frankfurt gari la zamani lililogeuzwa hivyo. Lilikuwa na mota ya kilowati 60 na betri ya uniti 36.8, nalo liliweza kwenda kilomita 200 hivi kabla ya kuchajiwa tena.

Katika eneo letu kazi ya kugeuza magari imefanywa zaidi kwa magari ya utalii kuliko kwa Volkswagen. Kampuni ya Opibus, iliyoanza Nairobi mwaka 2017 na kubadili jina kuwa Roam mwaka 2022, ilijulikana kwanza kwa kuyatia umeme magari ya Land Cruiser na Land Rover, kisha ikaelekeza nguvu kwenye pikipiki na mabasi. Nchini Tanzania, kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutembeza wageni kwa magari ya umeme mwaka 2018. Kazi hiyo inafaa umeme kwa sababu gari huenda polepole, hurudi kambini kila jioni, na wageni hupenda ukimya mbele ya wanyama.

Volkswagen ya zamani ni rahisi kugeuza kwa sababu ileile inayoifanya iwe rahisi kufufua. Boliti nne zikifunguliwa injini hutoka, na mahali pake hufungwa bamba la chuma lililochongwa ili kuunganisha mota na giaboksi. Bamba hilo lazima lichongwe kwa usahihi mkubwa, kwa maana mhimili wa mota usiponyooka na wa giaboksi, beringi huharibika upesi. Breki za gari hili hazitegemei nguvu ya injini kama za magari mengi mapya, kwa hiyo haziathiriki injini ikiondolewa. Pamoja na mota huhitajika kidhibiti cha mwendo, chaja, kifaa cha kushusha umeme kuwa volti 12 kwa ajili ya taa, na mtambo wa kusimamia betri ili chembe zake zisizidishiwe wala zisikaushwe chaji.

Yako mambo matatu ambayo muuzaji huyasema kwa sauti ndogo. Kwanza ni uzito. Gari la asili lina uzito usiofikia kilo 850, ilhali lile la Frankfurt lilikuwa na kilo 1,280. Breki za zamani na springi za zamani hazikutengenezwa kwa uzito huo, nazo huhitaji kuimarishwa. Pili ni hatari ya umeme wenyewe. Betri ya volti mia moja na zaidi huua, na haizimwi kwa kuzima swichi ya gari. Fundi wa taa za gari si lazima awe fundi wa betri hizo. Tatu ni gharama: betri ndiyo huwa sehemu kubwa ya bei yote, na betri huchakaa hata gari lisipotembea sana.

HESABU YA NANGARA

Tuchukue mfano. Tuseme chama cha akiba na mikopo katika kata ya Nangara, Mji wa Babati, kimepokea ombi la mwanachama fundi. Anataka kufufua Volkswagen ya kukodisha kwa maharusi na kwa wageni, na kwa shughuli zake za mjini. Ameleta makadirio mawili: shilingi 12,000,000 kwa kuifufua na injini yake, au shilingi 32,000,000 kwa kutia umeme. Tarakimu hizi, pamoja na bei zinazofuata, ni za mfano tu. Kila chama kiweke bei ya siku yake.

Tofauti ya makadirio ni shilingi 20,000,000. Anadai itarudi kwa kuokoa petroli. Tuseme gari lake hutumia lita 8 kwa kilomita 100, na lita ni shilingi 3,000: jumla ni shilingi 24,000. Kwa umeme, gari la uniti 36.8 na kilomita 200 hutumia uniti 18.4 kwa kilomita 100. Pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, tuhesabu uniti 21. Uniti ikiwa shilingi 360, jumla ni shilingi 7,560. Anaokoa shilingi 16,440 kwa kila kilomita 100.

Gawanya shilingi 20,000,000 kwa 16,440, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni kilomita 121,650 hivi. Gari likitembea kilomita 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, litafanya kilomita 12,000 kwa mwaka. Tofauti hiyo itarudi baada ya miaka kumi na zaidi, bila kuhesabu riba. Kuokoa oili na plagi kutapunguza muda kidogo, lakini hakutaugeuza mwaka wa kumi kuwa wa tatu. Mkopo wa miaka mitatu hauwezi kulipwa kwa akiba ya petroli ya miaka kumi, na kufikia mwaka huo betri nayo itakuwa imezeeka.

Hesabu hiyohiyo hutoa jibu jingine kwa mtu mwingine. Gari linalotembea kilomita 150 kila siku kwa siku 300 hufanya kilomita 45,000 kwa mwaka, na tofauti hurudi kabla ya miaka mitatu. Au yule wa kilomita 40 kwa siku aweza kuulizwa kwa nini anataka betri ya kilomita 200. Betri ya uniti 15, kwa matumizi hayo, ingempeleka kilomita 80 hivi, ingekuwa nyepesi, na ingepunguza sana deni. Lakini asitarajie kwenda Arusha. Kutoka Babati hadi Arusha ni karibu kilomita 170. Hata betri kubwa ingefika ikiwa karibu tupu, na kuijaza tena kwa plagi ya kawaida ya ukutani ya kilowati 3 kungechukua saa 12 na zaidi.

Kwa hiyo swali la kamati lisiwe "umeme ni mzuri au mbaya?" Swali liwe: gari hili litatembea kilomita ngapi kwa siku, wapi, na nani atalipa? Mwombaji asiyeweza kujibu hajafanya hesabu, na chama kisimfanyie hesabu kwa fedha za wenzake.

HATI NA SHERIA

Kadi ya gari hubeba namba ya chasisi na ya injini. Injini ikibadilishwa, au ikiondolewa na kutiwa mota, maelezo ya usajili katika Mamlaka ya Mapato Tanzania hayana budi kurekebishwa, na gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani kabla ya kubeba watu. Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi. Gari lililokatiwa bima kama la petroli, kumbe linaendeshwa kwa betri, laweza kuleta ubishi siku ya ajali, na siku hiyo chama hakitakuwa na dhamana wala marejesho.

Upande wa chama, mikopo yote hutolewa kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, na kwa vyama vya akiba na mikopo pia Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, pamoja na masharti ya chama chenyewe. Katibu ahakikishe kiasi kinachoombwa hakizidi kile ambacho masharti yanaruhusu kwa mwanachama mmoja. Mkopo mmoja mkubwa ukikwama huwanyima wengi mikopo midogo. Shilingi 32,000,000 katika gari moja ni pembejeo za wakulima wengi wa mahindi na mbaazi, nao huzihitaji wakati uleule mvua zinapokaribia.

JINSI YA KUTOA FEDHA

Fedha za kufufua gari zisitolewe kwa mkupuo mmoja. Kwa mkopo wa shilingi 12,000,000 katika mfano wetu, mpango ungeweza kuwa huu: shilingi 3,000,000 za kununua gari na kukamilisha hati, shilingi 3,000,000 za sakafu na mihimili, shilingi 4,000,000 za breki, injini na giaboksi, na shilingi 2,000,000 za nyaya na rangi. Kila sehemu itolewe baada ya iliyotangulia kukaguliwa na fundi asiye na uhusiano na mkopaji, naye aandike taarifa na kutia sahihi. Mihimili ikaguliwe kabla ya kupakwa rangi, kwa maana baada ya rangi hakuna mjumbe atakayejua kilichomo ndani.

Vipuri vikubwa vilipwe moja kwa moja kwa muuzaji kwa hati ya malipo, na stakabadhi zibaki katika jalada la mkopo. Kadi ya gari ibaki katika sefu ya chama, na yafaa iandikishwe kwa jina la chama pamoja na la mkopaji mpaka deni liishe. Gari likatiwe bima kubwa. Wadhamini waelezwe mbele ya kamati, kwa Kiswahili kisicho na mafumbo, kwamba gari likishindwa kumalizika deni ni lao. Nusu ya gari haiuzwi kwa nusu ya bei, huuzwa kwa kilo. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari lililofunguliwa vipande vipande ni mali inayopotea upesi kuliko nyingine zote.

MASWALI YA KUULIZWA NA KAMATI

Makatibu wanashauriwa kuyanakili maswali yafuatayo na kuyabandika katika ofisi ya chama:

1. Je, namba za chasisi na injini zinalingana na kadi?
2. Je, mihimili, sakafu na mahali pa betri vimekaguliwa, na nani ametia sahihi?
3. Je, mabati na mipira yote ya kuongoza hewa ipo?
4. Je, fundi amewahi kufanya kazi ya aina hii, na gari alilolitengeneza laweza kuonekana likitembea?
5. Gari litatembea kilomita ngapi kwa siku, na mapato yake yamekadiriwa kwa ushahidi gani?
6. Kama ni umeme, betri ni ya uniti ngapi, ina dhamana ya miaka mingapi, na nani katika mkoa huu anaweza kuitengeneza?
7. Je, breki zimeimarishwa kulingana na uzito mpya?
8. Usajili na bima vitarekebishwa lini, na nani atalipia?
9. Gari lisipokamilika, chama kitarudishiwa fedha kutoka wapi?

Mwombaji mwenye majibu kwa maswali yote tisa astahili kusikilizwa kwa heshima, awe anataka petroli au umeme. Ufundi ni kazi kama kilimo, na vijana wenye ufundi wanahitaji mtaji kama wakulima. Asiye na majibu arudishiwe fomu yake bila maneno makali, aambiwe ni swali gani limemkwamisha, na aruhusiwe kurudi. Gari lililolala miaka 20 chini ya mti halitaharibika zaidi kwa kungoja kikao kimoja.